Ng'ombe Waje kwa Miguu

Ruiru, 12 Januari 1958

Kwa mpendwa Tata Ngendo,

Salamu nyingi, shangazi yangu, kutoka huku Ruiru. Mimi ni mzima, ila jino la nyuma linanisumbua nikinywa chai ya moto. Natumaini mguu wako umetulia na hakuna mtu aliyekuibia kuku tena. Msalimie jirani yako Ajwang anayekusomea barua hii. Mwambie namshukuru kwa kukubali kuwa mkono wako wa kuandika, na ni kwa ajili yake naandika Kiswahili, maana najua Kikuyu chake kinaishia sokoni.

Nilienda ofisi ya serikali kuomba pasi ya kusafiri nije kukuona Krismasi, nikanyimwa. Walisema Mkikuyu wa Ruiru na akae Ruiru. Kutoka hapa hadi kwako Thika ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, lakini siku hizi za Hali ya Hatari ni kama unaishi Ulaya.

Sasa jambo lenyewe. Tata, nimepata mchumba. Anaitwa Nakhumicha, na akicheka wachumaji kahawa wote wanageuka kumtazama. Baba yake ni Mzee Wamalwa, Mbukusu wa kule Kimilili, nyapara wa vitanda vya kuanikia kahawa hapa shambani ninapofanya kazi ya karani wa mizani. Mzee hana ubaya na mimi. Ila alinikalisha chini akaniuliza kwetu ni akina nani. Alisema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu ambaye ukoo wake haujui, hasa Mkikuyu, maana Wakikuyu anaowajua yeye wote ni wa dukani.

Tata, nilibabaika. Nilikumbuka baba yangu Mburu, kabla hajafariki, aliwahi kusema kwamba babu alivusha watu mtoni na alikuwa na ng'ombe mpakani, kabla ya reli. Ni hayo tu niliyoyajua. Kwa hiyo nikamwambia Mzee Wamalwa kwamba sisi ni ukoo wa meli na mifugo. Meli zetu zilipita mto Chania, na malisho yetu yalikuwa ng'ambo, ambako hakuna Mkikuyu mwingine aliyethubutu kukanyaga. Macho yake yaling'aa sana.

Kati ya watoto wa babu umebaki wewe peke yako. Nakuomba uniandikie historia yote vizuri, hasa majina ya meli.

Mimi mwana wa ndugu yako,
Gachanja

*

Thika, 16 Februari 1958

Baba yangu Gachanja,

Nimepokea barua yako na nimefurahi. Mguu umetulia. Aliyekuwa akiiba kuku alikuwa paka wa mzee wa kanisa, na jambo hilo tumelinyamazia. Nimechelewa kujibu kwa sababu Ajwang alijifungua mtoto msichana, tena mnene, na sikuwa na uso wa kumwambia ashike kalamu.

Ajwang ananiuliza sasa hivi kwa nini namwita Baba kijana niliyempangusa kamasi. Nimemweleza kwamba wewe ni mtoto wa kwanza wa kiume wa ndugu yangu, kwa hiyo ulipewa jina la baba yangu, na kwetu mwenye jina ndiye mwenyewe. Wewe ni baba yangu, hata ukikojoa kitandani. Ajwang anasema Wajaluo pia wana mambo yao lakini hili limewapita.

Huku mvua za kupanda bado. Mahindi ya mwaka jana yaliliwa na fuko. Mchungaji amenunua baiskeli na ameanguka nayo. Kuhusu huyo Nakhumicha, kama anacheka ni vizuri. Mama yangu Waceke alikuwa mcheshi, na ndiyo maana alidumu na wewe.

Kuhusu meli, sina la kusema kwa leo. Ajwang ana kazi.

Binti yako,
Ngendo

(Mimi Ajwang niliyeandika nakusalimu pia. Nilipomsomea ile sehemu ya meli, mama huyu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Halafu akaniambia nisiandike kwamba amecheka. Akatoka nje, akasimama chini ya mti, akaangalia juu kwa muda. Nikamuuliza kama meli ilikuwepo kweli, akasema ipo hadi leo. Nimeona ni haki ulijue hilo.)

*

Ruiru, 2 Machi 1958

Kwa Tata Ngendo,

Salamu, na hongera kwa Ajwang, mtoto akue. Jino nimeling'oa. Aliyeling'oa ni dereva wa trekta, tena kwa upole kuliko nilivyotegemea.

Tata, meli ipo! Nilimkimbilia Mzee Wamalwa siku hiyo hiyo nikamwambia. Aliita jirani zake nikarudia habari tena mbele yao. Kwa ajili ya wageni niliongeza mlingoti.

Sasa Mzee amegeukia mifugo. Mimi nilidhani tukishataja ng'ombe wengi yatosha, kumbe Wabukusu hawaulizi wingi. Anataka kujua fahali mkubwa alikuwa rangi gani, pembe zake zilielekea wapi, alitoka kwa mama yupi, na aliitwa nani. Nilitoa jina la kwanza lililokuja kichwani, na kwa bahati mbaya siku hiyo nilikuwa nimetoka kanisani. Nilisema aliitwa Simeon.

Mzee akauliza, "Na Simeon alibatizwa na nani?"

Nakhumicha alilazimika kwenda jikoni. Tata, nakusihi, niandikie ukweli kuhusu fahali. Kuhusu meli, niambie tu urefu wake.

Wako,
Gachanja

*

Thika, 30 Machi 1958

Baba yangu Gachanja,

Tuko wazima. Mtoto wa Ajwang ameitwa jina la bibi yake na analia kama bibi huyo. Mchungaji ameuza baiskeli.

Umeniuliza ukweli. Nitakueleza kama mama alivyonieleza, na kwa kuwa ulikuwepo, utanisahihisha nikikosea.

Wewe, Baba, nyumba yako ilikuwa ya mwisho kabisa. Mbele yako kulikuwa na mto Chania, na ng'ambo ya mto mbuga, na mbugani Wamaasai. Ulikuwa kijana, na ulikuwa unachonga mzinga wa nyuki kutoka kwenye gogo la mti uitwao muringa. Ulichonga ukiwaza mambo mengine, kama kawaida yako, mpaka ubavu wote wa mzinga ukatoboka. Nyuki gani ataingia humo? Watu walikucheka. Kwa hasira uliutupa mtoni, nao ukaelea. Ukaingia ndani, ukaelea nao. Hiyo ndiyo meli. Hakuna mlingoti. Urefu wake ni kama mtu aliyelala, kama amekunja magoti.

Uliwavusha wafanyabiashara wa Kikamba na maharagwe yao. Ulivusha mbuzi. Uliwahi kumvusha bibi mmoja aliyekutukana kutoka ukingo hadi ukingo. Na ulipiga kasia kwa mwiko wa ugali wa mama yako, naye hakujua hilo kwa muda mrefu.

Sasa mifugo. Ulipata ndama kutokana na kazi hiyo, na vijana wa Kimaasai walikuwa na tabia ya kuja kuwachukua ndama wa watu. Wewe ulifikiri sana. Pale katikati ya mto pana kisiwa chenye nyasi. Ukawafunga ndama miguu, ukawavusha mmoja mmoja ndani ya mzinga mpaka kisiwani, ukasema hakuna mwizi atakayewafikia. Na kweli hawakuwafikia. Watu wote wa upande ule walikusifu kwa akili.

Jambo ambalo hukuliwaza, Baba, ni kwamba ndama hukua.

Walikula nyasi za kisiwa wakawa ng'ombe wazima, na fahali mwekundu aliyeitwa Mwekundu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia tena kwenye mzinga. Na wakati huo huo ulikuwa umemchumbia mama yangu Waceke, na baba yake alikuwa anasubiri hao hao ng'ombe. Alikuja ukingoni akakuuliza ng'ombe wake wako wapi. Ukamwonyesha kwa kidole. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila jioni na kigoda chake, anakaa ukingoni, anawatazama ng'ombe wa mahari wakinenepa, asiweze kuwashika.

Mwisho mzee huyo alichoka. Alileta mfuko wa magadi akaumwaga ukingoni upande wake. Mwekundu alinusa. Akaingia majini akaogelea, na wengine wote nyuma yake. Wewe hukujua kwamba ng'ombe huogelea. Ulirukia mzinga ukawafuata na mwiko wako, unalia, unawapigia kelele warudi wasizame. Wao walifika salama, wakalamba magadi. Aliyezama ni wewe, ukatolewa majini umeshika mkia wa Mwekundu.

Mama alikuwa amesimama pale anaona yote. Alisema wanaume wengi walikuwa na ng'ombe, lakini yule aliyelia wakiingia majini alikuwa mmoja tu. Aliolewa wiki hiyo.

Baadaye uliufunika ule ubavu uliotoboka kwa ngozi, ukautundika mzinga mtini, na nyuki wamekaa humo mpaka leo. Serikali ilipotuhamishia hiki kijiji kipya, wengine walibeba vitanda. Mimi nilibeba mzinga. Askari aliniuliza ni nini, nikasema ni nguo. Ukavuma. Akanipisha.

Hayo ndiyo yetu. Mwambie Mzee Wamalwa vilivyo, usiogope.

Binti yako,
Ngendo

(Mimi Ajwang: nimeandika huku nafuta machozi ya kicheko. Mume wangu amenifanya nimsomee barua hii mara mbili.)

*

Ruiru, 13 Aprili 1958

Kwa Tata Ngendo,

Natumaini mko salama. Mimi si salama.

Tata, nimesoma barua yako nyuma ya ghala peke yangu. Siwezi kumwambia Mzee Wamalwa habari hizo. Nimeshamwambia mlingoti. Nitasimama vipi mbele ya mtu aliyezaliwa zizini nimweleze kwamba babu yangu hakujua ndama hukua? Hiyo si historia, ni upumbavu, na ikisikika hapa shambani nitaitwa Mzinga mpaka nife, na Nakhumicha atapewa yule dereva wa trekta, ambaye Mzee anamtazama vizuri tangu aning'oe jino.

Na balaa ni hili. Nimenyimwa pasi tena. Lakini Mzee Wamalwa si Mkikuyu, hana haja ya pasi, na amesema Jumapili ijayo atapanda treni aje Thika aione meli kwa macho yake. Sikuweza kumzuia. Kwa hiyo nakuomba kama mwanao: uutoe ule mzinga mtini, uukate uwe kuni, uuchome. Akija, mwambie meli iliuzwa kwa Mhindi. Ile hadithi usiiseme tena kwa mtu yeyote.

Tafadhali fanya haraka.
Gachanja

*

Ruiru, 19 Aprili 1958. Kwa mkono wa Mzee Wamalwa.

Kwa mpendwa Tata Ngendo,

Salamu. Anayekuletea barua hii ni Mzee Wamalwa, mtu wa heshima, mwenye busara nyingi, na ambaye najua hawezi kufungua barua ya mtu mwingine njiani. Mpokee vizuri. Mpe chai yenye sukari.

Tata, natumaini barua yangu ya wiki jana ilifika, ile iliyohusu kuni. Natumaini kuni zimeshawaka vizuri na sasa ni majivu. Kama bado, basi ziwake kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mzee anapenda kukaa ndani ya nyumba. Nje kuna jua.

Wako mtiifu,
Gachanja

*

Thika, 27 Aprili 1958

Kwa Gachanja Mburu,

Habari za hapa si za kukuhusu sana, lakini nitaziandika.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa nje nachambua maharagwe nikaona mzee mrefu amesimama na kofia mkononi. Alinisalimu kwa adabu akanipa barua. Ajwang aliisoma, hatukuelewa lolote kuhusu kuni, tukadhani umeanza homa. Ile barua yako ya kwanza, ya kuni, ilikuwa haijafika. Ilifika Alhamisi.

Mzee alikunywa chai, halafu akaomba aonyeshwe meli. Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya mti. Aliangalia sana. Akauliza mlingoti uko wapi. Nikamwambia akae, nikamsimulia yote kama nilivyokusimulia wewe, tangu ubavu kutoboka mpaka mkia wa Mwekundu. Hakucheka. Ajwang alicheka, mimi nilicheka, mtoto naye akacheka, yeye akawa anaangalia mti tu. Nilipomaliza alisimama, akasema anataka kusikia kama mbao bado ni nzima, akanyoosha fimbo yake akagonga mzinga kama mtu anayebisha hodi.

Walimfungulia.

Tulimwingiza ndani na kumpaka matope usoni. Jicho moja lilifunga kabisa. Alipokuwa amelala hapo aliniambia maneno fulani kuhusu wewe na binti yake. Sitakuandikia. Utayasikia kwake akitaka.

Halafu Alhamisi ikaja barua yako. Ajwang alifika katikati akaishusha karatasi, nikamwambia aendelee. Umesema nimchome baba yangu, nimfanye kuni. Umesema maisha yake ni upumbavu. Nimelia, nami sisemi kwa fumbo, nimelia mbele ya Ajwang na mtoto wake. Ule mzinga ndio kitu pekee nilicho nacho ambacho mikono yake iligusa na kukosea. Kama unamwonea haya, rudisha jina lake. Chukua jingine. Chukua Simeon.

Ngendo

(Mimi Ajwang: hakuniruhusu kuandika Baba mwanzoni. Nilijaribu.)

*

Ruiru, 8 Juni 1958

Kwa Tata Ngendo,

Sijui nianze vipi. Barua yako niliisoma, na kwa wiki nyingi nilianza jibu nikalichana kwa sababu kila neno lilinirudia usoni.

Mzee Wamalwa alirudi siku ile amevimba kichwa hadi kofia haikuingia. Hakunisemesha. Alipita kwenye mizani kila asubuhi akinitazama kwa jicho moja, baadaye kwa mawili, na hilo la mawili lilikuwa baya zaidi. Nilimuuliza Nakhumicha baba yake amesema nini. Alisema ameambiwa asiniambie, na kwamba mimi ndiye wa kusema. Sikujua niseme nini. Nilijua, Tata. Niliogopa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mzee alikuwa na wageni kutoka kwao Kimilili. Nilienda bila kualikwa. Nikasimama mlangoni, nikasema nimekuja kueleza habari za ukoo wetu upya. Nilianza, babu yangu alikuwa anachonga mzinga. Halafu nikakumbuka unavyoniita, na sauti ikabadilika yenyewe. Nikasema, nilikuwa nachonga mzinga, nikiwaza mambo mengine, mpaka ubavu ukatoboka. Nilivusha maharagwe. Nilivusha ndama wangu kisiwani mmoja mmoja, na sikuwaza kwamba watakua. Niliwafuata majini kwa mwiko nikilia. Nilisema yote kama yangu, na nilipofika kwenye mkia wa Mwekundu wale wageni walikuwa wamelala chini kwa kicheko, na mmoja alikuwa anampiga mwenzake mgongoni apate pumzi.

Mzee Wamalwa peke yake hakucheka. Alingoja wanyamaze. Akasema alisafiri mpaka Thika aone meli, na mama mmoja akamwonyesha mtu aliyelia kwa ajili ya ng'ombe. Alisema tangu siku ile amekuwa akingoja aone kama mtu huyo yupo pia hapa Ruiru, au kama kuna mlingoti tu. Halafu akatoa sharti moja.

"Ng'ombe wa mahari waje kwa miguu," alisema. "Sitaki kwenda kuwatazama na kigoda."

Hapo ndipo alipocheka, Tata, na kicheko chake kilikuwa kimekaa tumboni tangu Aprili. Kilidumu hadi chai ikapoa.

Harusi ni mwezi wa nane. Hapa shambani sasa naitwa Mzinga. Nilidhani nitaumia, kumbe nageuka naitika.

Nisamehe. Jina naomba nibaki nalo. Uje, hata kama ni kunikaripia.

Gachanja

*

Thika, 13 Julai 1958

Baba yangu,

Tuko wazima. Mtoto wa Ajwang ana jino. Barua yako imesomwa hapa hadi kwa mchungaji, naye ameiomba kwa ajili ya mahubiri, nikamnyima.

Nitakuja na asali. Nyuki wamejuana na Mzee Wamalwa tayari, kwa hiyo hawatakuwa na ugomvi naye tena. Mwambie nimehifadhi fimbo yake aliyoiacha wakati anakimbia.

Pasi nimepata. Nilisimama kwenye mstari mpaka mguu ukauma, na nilipofika mbele karani akaniuliza, bila kuinua kichwa, mama unaenda Ruiru kufanya nini. Nikamjibu kwamba baba yangu anaoa. Aliinua kichwa. Akaangalia mvi zangu, akaangalia fimbo yangu, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, na safari hii amejifunza kuhusu ndama.

Akagonga muhuri.

Binti yako,
Ngendo